Santuri ya Kwanza ya Nina Simone na Matoleo Yake Mapya

Kusudi la makala haya ni kueleza historia ya santuri moja, iitwayo Little Girl Blue, ambayo Bibi Nina Simone wa Marekani aliiimba na kuipigia piano mwishoni mwa mwaka 1957. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, naye hakuwa ametimiza bado miaka 25. Tangu hapo imetolewa upya mara nyingi, na miaka hii ya karibuni imekuwa ikitolewa hasa kwa ajili ya watu wapendao sauti safi kupita kiasi, wale wanunuao santuri nzito na vyombo vya thamani kubwa ili wasikie hata pumzi ya mwimbaji na mguso wa kidole juu ya piano.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina manufaa gani kwa wanafunzi wa lugha na wa maandishi. Jawabu ni kwamba santuri ni hati, na kuitoa upya ni kazi ya uhariri. Mtu ahaririye utenzi hutafuta nakala iliyo ya kale na iliyo kamili, huilinganisha na nyingine, hueleza nani aliinakili, kwa amri ya nani, na imepita mikononi mwa nani hata ikamfikia. Mambo hayo yote yamo katika historia ya santuri hii. Tena katika historia yake limo swali moja zito: mtu akisha kuuza sauti yake, ni nini kibakiacho kuwa chake?

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze maneno mawili matatu. Neno santuri latumika hapa kwa maana ya ile sahani yenyewe yenye mifuo, si mashine iipigayo. Na ala aliyoipiga Bibi Simone tutaiita piano, kwa kuwa neno kinanda, kama lilivyofasiriwa katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, lina maana nyingi mno, ala za nyuzi na ala za vidole pamoja, hata gramafoni yenyewe. Na msomaji angeweza kupotea njiani.

Malezi yake

Jina alilopewa na wazazi wake ni Eunice Kathleen Waymon. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1933 katika mji mdogo wa Tryon, jimbo la North Carolina, mtoto wa sita katika watoto wanane. Mama yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kimethodisti, tena mtumishi wa nyumbani katika nyumba za Wazungu. Baba yake alifanya kazi za namna nyingi kwa kadiri nyakati zile za dhiki zilivyomruhusu. Mtoto huyu alianza kupiga piano angali mdogo sana, hata akawa mpigaji wa kanisani kabla hajaweza kufikisha miguu yake chini.

Mzungu mmoja aliyekuwa mwajiri wa mama yake alimsikia, akagharimia masomo yake kwa Bibi Muriel Mazzanovich, Mwingereza aliyeishi katika mji ule. Mwalimu huyu ndiye aliyemtia katika muziki wa Johann Sebastian Bach, na tangu siku zile mtoto alikusudia jambo moja tu, nalo ni kuwa mpiga piano wa muziki wa kitaalamu wa Ulaya, Mwafrika wa Marekani wa kwanza kupata sifa kuu katika kazi hiyo. Watu wa mji, weusi kwa weupe, walichanga fedha za kumsomesha. Lakini siku ya kupiga mbele yao, wazazi wake waliondolewa viti vya mbele ili wakae Wazungu. Naye, mtoto kama alivyokuwa, alikataa kuanza mpaka wazazi warudishwe mahali pao. Habari hii aliisimulia mwenyewe baadaye katika maisha yake, na mtu atakayeifuata habari ya mkataba tutakayoieleza mbele hana budi kuikumbuka.

Mwaka 1950 alisoma kwa muda katika chuo cha Juilliard, New York, akijitayarisha kwa mtihani wa kuingia Curtis Institute mjini Philadelphia, chuo ambacho wanafunzi wake hawatozwi ada. Jamaa zake walihamia Philadelphia kwa kutumaini kwamba atakubaliwa. Mwaka 1951 alikataliwa. Maisha yake yote aliamini kwamba sababu ilikuwa rangi yake. Vladimir Sokoloff, mwalimu wa chuo kile aliyemfundisha baadaye kwa faragha, hakukubali kwamba ndivyo. Na ni kweli kwamba George Walker, Mwafrika wa Marekani, alikuwa amekwisha kuhitimu katika chuo hicho hicho mwaka 1945. Mwandishi wa historia hana haja ya kuhukumu kesi hii hapa. Itoshe kusema kwamba mlango ulifungwa, na kwamba chuo chenyewe kilimpa shahada ya heshima mwezi wa Aprili 2003, siku chache kabla ya kufa kwake huko Carry-le-Rouet, Ufaransa, tarehe 21 ya mwezi huo.

Jina jipya

Ili alipie masomo ya faragha, mwaka 1954 alitafuta kazi katika baa moja ya Atlantic City, mji wa starehe ulio pwani ya New Jersey. Mshahara wake ulikuwa dola 90 kwa juma. Alipiga piano usiku kucha, akichanganya Bach, nyimbo za kanisa na nyimbo za watu wote, naye hakuimba. Mwenye baa akamwambia kwamba asipoimba hana kazi. Hivyo ndivyo alivyopata kuwa mwimbaji: kwa sharti la mwajiri.

Kwa kuwa mama yake aliuhesabu muziki wa namna ile kuwa wa shetani, alijificha nyuma ya jina jingine. Nina alilitwaa katika neno la Kihispania lenye maana ya msichana mdogo, ambalo rafiki yake mmoja alizoea kumwita. Na Simone alilitwaa kwa Simone Signoret, mwigizaji wa filamu wa Kifaransa. Basi tangu mwanzo palikuwa na watu wawili katika mwili mmoja: Eunice Waymon, mwanafunzi wa Bach, na Nina Simone, mwimbaji wa baa. Santuri yake ya kwanza ndiyo hati ya kwanza iwaonyeshayo wote wawili pamoja.

Siku ya kunasa sauti

Kampuni iliyomchukua ni Bethlehem, kampuni ndogo ya jazi ya New York iliyoanzishwa mwaka 1953. Mwenye mamlaka mpya humo, Syd Nathan, aliyekuwa pia mkuu wa kampuni ya King, alitaka kumchagulia nyimbo. Bibi Simone alikataa. Akasema atapiga zile alizokuwa akizipiga kila usiku, kwa namna yake, na wapigaji wenzake atawachagua mwenyewe. Mwishowe alikubaliwa. Akawachukua vijana wawili wa Philadelphia, Jimmy Bond wa besi ya nyuzi na Albert Heath wa ngoma, na kazi yote ikafanywa katika muda wa siku moja ndefu. Vipande 14 vilinaswa, na 11 vikatiwa katika santuri ile, ambayo namba yake katika orodha ya kampuni ni BCP 6028.

Tukitazama vipande hivyo 11, twaona kwamba 10 ni tungo za watu wengine. Mood Indigo ni ya Duke Ellington na wenzake, ya mwaka 1930. Wimbo ulioipa santuri jina lake ni wa Rodgers na Hart, ulioandikwa kwa ajili ya mchezo uitwao Jumbo wa mwaka 1935. I Loves You, Porgy umetoka katika opera ya George Gershwin, Porgy and Bess, ya mwaka ule ule wa 1935. Love Me or Leave Me na My Baby Just Cares for Me zote ni za Walter Donaldson na Gus Kahn, wa kwanza wa mwaka 1928 na wa pili wa 1930. Vipande vitatu havina maneno kabisa, na kimoja katika hivyo, Central Park Blues, ndicho pekee alichokitunga mwenyewe. Jambo hili la utungaji litakuja kuwa na maana tutakapofika penye fedha.

Lakini kama vile mtunzi wa mashairi aichukuavyo bahari ya zamani akaijaza maneno yake, Bibi Simone alizichukua tungo hizi akazifanya kitu kingine. Katika Little Girl Blue alianza kwa kupiga wimbo wa Krismasi wa Kiingereza, Good King Wenceslas, kisha sauti yake ikaingia na wimbo wa Rodgers huku ule wa Krismasi ukiendelea chini yake. Nyimbo mbili zisizo na udugu zikatembea pamoja bila kugombana. Katika Love Me or Leave Me, mahali ambapo mpigaji mwingine wa jazi angetunga papo hapo kwa desturi ya jazi, yeye aliingia katika namna ya Bach: mkono wa kulia wasema neno, wa kushoto walijibu, kisha sauti zafuatana na kupishana kwa kanuni ya fuga, na besi na ngoma zaendelea na mwendo wao wa jazi kana kwamba hapana lililotokea. You'll Never Walk Alone, ambao watu wengi wanaujua kwa maneno yake, aliupiga bila kuuimba, kama kipande cha ukumbi wa muziki wa kitaalamu.

Mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba baada ya siku ile alirudi nyumbani akakaa siku kadhaa akipiga Beethoven, kama mtu ajisafishaye. Hakujua kwamba Beethoven na Bach walikuwa wamekwisha kuingia katika santuri pamoja naye.

Mkataba

Sasa tuje kwenye karatasi. Haki zake katika kazi ile aliziuza kwa dola 3,000. Kwa msichana aliyekuwa akipata dola 90 kwa juma, hizo zilikuwa fedha nyingi, kadiri ya mshahara wa juma 33. Alidhani atazitumia kuendelea na masomo yake ya Bach. Wala desturi hii haikuwa ngeni. Waimbaji wengi wa wakati ule, na hasa weusi, walipewa fedha za mara moja na kutia saini, bila mrabaha kwa kila nakala itakayouzwa.

Yafaa kueleza jinsi sheria ilivyokuwa, maana wengi hudhani kwamba mwimbaji analindwa na sheria kwa kule kuimba tu. Katika wimbo ulionaswa mna haki mbili. Moja ni ya mtunzi, katika tungo yake. Ya pili ni ya mwenye ile sauti iliyonaswa. Haki ya kwanza ilikuwa ya akina Rodgers, Gershwin na Donaldson, au warithi wao. Bibi Simone aliingia humo kwa kipande kimoja tu. Haki ya pili alikuwa ameiuza. Tena sheria ya serikali kuu ya Marekani juu ya haki za kunakili haikuzihesabu kabisa sauti zilizonaswa mpaka tarehe 15 Februari 1972. Kabla ya hapo zilitegemea sheria za majimbo na mikataba. Na redio za Marekani hulipa mtunzi wimbo unapopigwa, lakini mwimbaji hazimlipi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kwa redio za kawaida hivyo ndivyo ilivyo hata leo.

Kampuni haikufanya haraka kuitangaza santuri ile. Ni mtangazaji mmoja wa redio mjini Philadelphia aliyeupenda wimbo wa Porgy akaupiga tena na tena, mpaka kampuni ikautoa peke yake katika sahani ndogo. Mwaka 1959 ulifika nafasi ya 18 katika orodha ya nyimbo maarufu za Marekani nzima, na nafasi ya 2 katika orodha ya muziki wa watu weusi. Jina la Nina Simone likajulikana nchi nzima. Mwaka huo huo alikwisha kuondoka Bethlehem akaingia kampuni ya Colpix, na tarehe 12 Septemba alipiga katika ukumbi wa Town Hall, New York, mahali pa heshima.

Bethlehem haikumsahau. Vile vipande vitatu vilivyobaki viliwekwa katika santuri nyingine pamoja na nyimbo za Carmen McRae na Chris Connor, ambao nao walikuwa wameondoka, na santuri hiyo ikaitwa Nina Simone and Her Friends. Mtu aisomaye anwani hiyo hudhani kwamba mabibi watatu walikaa chumba kimoja wakaimba pamoja. Haikuwa hivyo, waliokutana ni tepe zao katika ghala ya kampuni. Mhariri wa maandishi atatambua hapa jambo alijualo vema, yaani kitabu kilichokusanywa na mwenye duka, kisha kikapewa jina ambalo waandishi wake hawakulijua.

Miaka 30 baadaye

Kilichoifanya historia hii ijulikane na watu wengi kilitokea mwaka 1987. Katika santuri ile ulikuwamo wimbo mwepesi, My Baby Just Cares for Me, ambao Bibi Simone mwenyewe hakuuthamini sana. Mwaka huo wimbo huo, katika sauti ile ile ya 1957, ulitumiwa nchini Uingereza katika tangazo la manukato ya Chanel No. 5. Ukatolewa tena katika sahani ndogo, ukafika nafasi ya 5 katika orodha ya Uingereza, ukasikika Ulaya nzima. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipoupiga waliucheza.

Bibi Simone alikuwa na umri wa miaka 54, akiishi Ulaya, baada ya miaka ya dhiki na maradhi. Sifa ilimrudia na kumbi zikajaa tena. Lakini fedha za mauzo ya sauti ile zilikwenda kwa waliokuwa na karatasi. Alilalamika hadharani juu ya jambo hili mpaka mwisho wa maisha yake. Watu wengine walimwona ni mwenye hasira kupita kiasi. Bali mtu akipiga hesabu kwamba sauti yake iliuza manukato na santuri kwa miaka 30 baada ya dola 3,000 zile kwisha, ataona kwamba hasira yake ilikuwa na takwimu zake.

Matoleo ya wapenda sauti safi

Hebu sasa tueleze maana ya toleo la namna hii. Santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ililetwa sokoni mwaka 1948. Sauti ilinaswa kwanza katika utepe wa sumaku. Kisha fundi aliupiga utepe huo huku mashine yenye kisu kidogo ikikata mfuo katika sahani ya aluminiamu iliyopakwa laka. Sahani hiyo ilitiwa madini ya nikeli, nikeli ikabanduliwa, na kutokana nayo zikafanywa chapa za kukandamizia plastiki. Kila hatua hupunguza kitu. Utepe huchakaa na kupoteza sumaku. Laka huharibika upesi. Chapa ikitumika mara nyingi hulegea makali yake. Tena mfuo ulio karibu na katikati ya sahani hupita chini ya sindano kwa mwendo mdogo kuliko ule wa ukingoni, na kwa hiyo sauti nyembamba hupotea zaidi mwishoni mwa kila upande.

Wapenda sauti safi hupigana na upungufu huo. Hutaka utepe wa asili na si nakala ya nakala. Hutaka plastiki safi, aghalabu yenye uzito wa gramu 180. Wengine hutaka kazi igawanywe katika sahani mbili za mizunguko 45, ili mfuo upite kwa kasi zaidi chini ya sindano. Hubishana pia juu ya mono na stereo. Santuri ya Bibi Simone ilinaswa wakati ule ule ambapo sahani za stereo zilikuwa ndizo kwanza zinaingia sokoni, na kwa hiyo iko kwa namna zote mbili. Ubishi huo si upuuzi. Ni sawa na ubishi wa wahariri juu ya nakala mbili za utenzi mmoja zilizoandikwa katika kizazi kimoja: ipi iliyo karibu zaidi na kinywa cha mtunzi?

Tatizo la santuri hii ni wingi wa nakala. Huko Ulaya, sheria ya zamani ililinda sauti iliyonaswa kwa miaka 50 tu. Muda huo ulipoongezwa kuwa miaka 70, kwa amri iliyotolewa mwaka 2011 na kuanza kutumika 2013, kazi zilizokwisha kutoka katika ulinzi hazikurudishwa. Kazi za mwaka 1958 na 1959 zilikuwa zimekwisha kutoka. Kwa hiyo kampuni yoyote ya Ulaya yaweza kuitoa Little Girl Blue bila kuomba ruhusa, na nyingi zimefanya hivyo, nyingine kutoka katika sahani za kidijitali zilizonakiliwa kutoka katika sahani nyingine, kisha zikatiwa katika plastiki nzito na jalada zuri. Uzito wa plastiki hauwezi kurudisha kilichopotea katika nakala ya tatu. Marekani kwenyewe, sheria ya mwaka 2018 imeilinda sauti ile mpaka tarehe 15 Februari 2067. Basi kazi moja ni mali ya kila mtu upande mmoja wa bahari, na ni mali ya kampuni upande wa pili; na pande zote mbili si mali ya warithi wa mwimbaji.

Mwaka 2021 kampuni ya BMG, ambayo urithi wa Bethlehem ulikuwa umeangukia mikononi mwake, ilitoa toleo jipya lililosafishwa na fundi Michael Graves, pamoja na maelezo ya mwanachuoni Daphne Brooks. Jambo la kusifiwa ni kwamba toleo hili liliona haja ya maelezo ya mwanachuoni. Sauti ilisafishwa, na mwimbaji naye akaelezwa.

Yanayosikika

Je, usafi wa sauti waongeza elimu yetu, au ni anasa ya matajiri? Kwa maoni yangu waongeza. Katika nakala iliyochakaa mtu husikia zaidi sauti ya mwimbaji, kwa kuwa sauti ya binadamu huwa katikati ya masafa na hustahimili uharibifu. Mikono ya piano hufichika, hasa wa kushoto, na nyuzi za besi huungana nao zikawa mvumo mmoja. Msikilizaji huyo atasema: huyu ni mwimbaji mzuri wa jazi ajipigiaye piano. Katika nakala safi mambo hugeuka. Mkono wa kushoto hutengana na besi. Zile sauti zinazofuatana katika Love Me or Leave Me husikika kila moja kwa njia yake. Twasikia jinsi anavyobonyeza kwa nguvu tofauti kila kidole, kama alivyofundishwa Tryon na Philadelphia. Twamsikia Eunice Waymon.

Hili si jambo dogo, kwa sababu Bibi Simone alichukia kuitwa mwimbaji wa jazi. Alisema kwamba jina hilo walipewa weusi wote bila kutazama wanafanya nini, na kwamba muziki wake yeye ni muziki wa kitaalamu wa watu weusi. Wako waliodhani kwamba hayo ni majivuno ya mtu aliyekosa nafasi Curtis. Utepe wa 1957, ukisikika vizuri, wamshuhudia yeye. Ushahidi umo katika vidole vyake, na uliwekwa hapo kabla hajajulikana na mtu yeyote wala hajawa na sababu ya kujitetea.

Lakini usafi wa sauti una hatari yake pia. Msikilizaji aliyekaa mbele ya vyombo vyake vya thamani aweza kudhani kwamba amekutana na mwimbaji ana kwa ana, kwamba hapana kitu baina yao. Kumbe baina yao kuna baa iliyomlazimisha kuimba, chuo kilichomkataa, karatasi ya dola 3,000, ghala ya tepe, duka la manukato, na sheria za mabara mawili. Mkwaruzo wa sindano waweza kufutwa kwa ufundi. Mambo hayo hayafutiki, wala hayafai kufutwa. Mhariri wa utenzi haruhusiwi kuondoa jina la mtunzi kwa sababu linaharibu uzuri wa ukurasa, wala kunyamaza juu ya mtu aliyeuchukua msawada kwake na namna alivyouchukua.

Kwa hiyo neno letu kwa watoaji wa matoleo haya, na kwa maktaba na vyuo vitakavyoyahifadhi, ni hili. Toleo jema la santuri lieleze utepe gani umetumika na umepita kwa nani, kama tunavyodai katika maandishi. Lieleze tarehe, wapigaji na namba ya asili. Na lieleze mkataba: nani aliuza, nani alinunua, kwa fedha ngapi, na nani apataye fedha za nakala hii mkononi mwa msomaji. Habari hizo zaweza kutoshea katika nusu ya ukurasa wa jalada. Sheria haiwezi tena kumlipa Bibi Simone, na msikilizaji hawezi kuirudisha ile karatasi ya Bethlehem isitiwe saini. Liwezekanalo ni kwamba mtu asikiapo mikono ile miwili ikijibizana katika fuga, ajue ni mikono ya nani, na ajue kwamba mwenye mikono hiyo alilipwa mara moja tu.